Kikundi cha Wakopaji Kimeleta Ubani

Kwanza nikanushe.

Ile sauti ya dakika mbili na nusu inayozunguka kwenye magrupu tangu Alhamisi usiku, ya yule jamaa anayecheka mpaka anapaliwa, si ya kweli. Yaani, hitima, kile kisomo cha kumuombea marehemu, ni kweli. Bahasha ni kweli. Na kwamba niliondoka pale na kubadhi la mguu mmoja, hilo nalo ni kweli, na aliyeliokota la pili naomba anirejeshee, ni la ngozi. Lakini kusema kwamba "jamaa kenda kudai madeni yake matangani", hapo kanionea. Tena kuna jambo dogo kaliruka makusudi katika masimulizi yake. Nitalitaja likifika zamu yake. Mwenyewe analijua, ndiyo maana tangu jana ananipigia simu na mie naitazama tu inavyolia.

Haya. Mnaokaa baraza moja na mie mnajua habari ya bahasha zangu, maana nimekuhubirini mpaka mkanipa cheo cha Waziri wa Fedha. Mie ni dobi wa hoteli, Mji Mkongwe. Kazi ya hoteli hapa kwetu ina miezi ya asali na miezi ya shubiri. Julai na Agosti wageni wanajaa mpaka mashuka hayana pa kuanikwa, Disemba na Januari hivyo hivyo. Halafu inaingia masika, Aprili na Mei, mvua haikatiki, vyumba vitupu, na sie tunaingia kazini wiki mbili mbili kwa zamu na mshahara unakuja nusu. Miaka sita mfululizo masika yalinikuta sina kitu. Agosti nakula kama sultani, Mei nazunguka uchochoro wa nyuma nisipite mbele ya duka la mtu.

Mwaka jana nikasema basi. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kufungua akaunti maishani mwake, lakini pindo la kanga yake lilikuwa benki kamili. Fundo hili la samaki, fundo hili la ada ya chuo cha Qur'ani, fundo hili la mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Na hakuna fundo lililoruhusiwa kukopesha fundo jengine. La samaki likiwa halikutosha, siku hiyo tunakula muhogo kwa chumvi, na fundo la mchezo lipo pale kiunoni linatutazama tunavyotafuna.

Mie mwanamme, kanga sina. Nikaenda Darajani nikanunua bahasha za kaki, tisa, nikaziandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, nikazipanga ndani ya mkebe wa biskuti kwa utaratibu huu: KODI, CHAKULA, UMEME, SKULI, MCHEZO, MASIKA, UBANI NA HARUSI, UPUUZI, WAKOPAJI. Ukumbukeni utaratibu huo. Utaratibu huo ndio ulioniua.

MASIKA nilikuwa naitia 60,000 kila mwezi, tangu Julai mpaka Machi. Hesabuni wenyewe: 540,000. Aprili hii nimeingia dukani kifua mbele, nikanunua mchele kwa taslimu, muuza duka akaniuliza kama nimepata ajira serikalini. UBANI NA HARUSI ni ya kuchangia wafiwa na maharusi. UPUUZI ni ya pweza wa Forodhani, urojo, na mambo ambayo mama watoto hana haja ya kuyajua. Sikuinyima. Mtu akijinyima upuuzi wote, ipo siku atavunja mkebe mzima.

WAKOPAJI inataka maelezo.

Mtaani kwetu mtu wa hoteli huhesabiwa kuwa ana dola. Ukiwaeleza kwamba dola zinaishia mapokezi na kwamba dobi anachoachiwa na wageni ni soksi moja na mchanga wa Nungwi, hawakuelewi. Wanakuja. Kwa hiyo nikatenga 40,000 kila mwezi, nikazihesabu kuwa zimekwishapotea, kama sadaka isiyo na thawabu. Zikiisha, kila anayekuja baada ya hapo anapewa udhuru. Sasa udhuru nao unataka kumbukumbu. Mwaka jana nilimwambia mzee mmoja mke wangu kalazwa Mnazi Mmoja, na wiki mbili baadae nikamwambia vile vile, na mke huyo huyo anapita nyuma yangu kajitwika ndoo ya maji. Tangu siku ile ndani ya bahasha ya WAKOPAJI nikatia karatasi: fulani, anadaiwa kiasi gani, tangu lini, na udhuru gani umeshatumika. Majina ya watu sikuyaandika, kwa kuwastahi. Niliwapa lakabu.

Naam. Kwa kuwastahi.

Jumanne iliyopita akafariki Bibi wa Maandazi. Wa Jang'ombe nyote mnamjua, hakuna kati yetu ambaye hakusoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa maandazi yake ya mkopo. Alikuwa bibi mtu mzima hasa, kaona vitukuu, kafa usingizini baada ya sala ya Alfajiri. Tukamzika Mwanakwerekwe siku ile ile. Pale makaburini mwanawe mkubwa akasimama akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu asinyamaze, aje kwake. Mkumbukeni na huyo mwana mkubwa. Hitima ikapangwa Alhamisi, baada ya Magharibi.

Sasa niwaambie habari ya UMEME, ingawa inanidhalilisha. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimejikopa. Nilichukua 15,000 kutoka UMEME nikazitia UPUUZI, kwa sababu za pweza, nikajiandikia kikaratasi kwamba nitarudisha Ijumaa. Waziri kajikopesha mwenyewe, kaidhinisha mwenyewe, na bunge lililala. Bahasha ya UMEME ikawa tupu, nikaitoa mkebeni nikaiweka juu ya kabati ili initie haya kila nikiiona. Sikuona haya. Na mama watoto siku hiyo ya Alhamisi alikuwa kaitoa CHAKULA, kenda kununua dagaa, hajairejesha.

Magharibi inaadhiniwa, nipo chumbani nimeshavaa kanzu, tukuza, mita ya umeme, ikalia pi, pi, pi, ikazima. Giza. Nje wingu zito, simu nimeiacha msikitini tangu Alasiri inachajiwa. Lakini mie si ndiye mtu wa utaratibu? Nikapapasa mkebe. UBANI NA HARUSI ni ya saba. Nikahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Hiyo hapo. Nikaitia mfukoni, nikatoka mbio kuwahi sala ya jamaa.

Wale mliosoma hesabu mmeshajua. Bahasha tisa, mbili zimetoka, zote mbili za mwanzo mwanzo. Ya saba imekuwa ipi?

Nyamazeni.

Tumesali, tumesoma, kila mtu na juzuu yake, Yasini, dua. Wanaume tupo nje chini ya turubali, wanawake ndani, dirisha la ukumbi lipo wazi. Mvua ilikuwa inapiga turubali hivi kwamba unamuona mwenzako anafungua mdomo humsikii. Karibu na mlango yupo Mzee wa daftari la ubani, na mbele yake kikapu cha ukindu. Nilipofika mimi alikuwa kenda kutawadha, nikatumbukiza bahasha yangu kikapuni nikapita. Ndani ya bahasha ya UBANI nilikuwa nimeshatia karatasi yenye jina langu kamili, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Niliona hata fahari kidogo. Shilingi 10,000, masika haya, bila kukopa kwa mtu.

Likaletwa boko boko. Nikakaa na yule rafiki yangu, yule wa sauti ya dakika mbili na nusu, sinia moja. Nimeshamega tonge la pili.

Mzee wa daftari kasahau miwani. Akamwita mjukuu wake amsomee. Mjukuu huyo ana miaka kumi na mbili, na mwaka huu kashika nafasi ya pili mashindano ya Qur'ani ya vyuo vya mtaani. Nataka mfahamu uzito wa jambo hili. Mtoto huyu hajui kusoma kwa sauti ya chini. Hakufundishwa. Kila herufi anaitoa mahala pake, penye kuvuta anavuta, penye kusimama anasimama.

Na mvua, ile mvua ya tangu Magharibi, ikanyamaza. Ghafla, kama imeambiwa.

"Babu, hii haina jina," mtoto akasema. "Imeandikwa WA-KO-PAAA-JI."

Tonge likasimama.

"Wakopaji?" Mzee akainua uso. "Wakopaji ndiyo watu wa wapi?"

Watu wakatazamana. Mmoja nyuma akasema, "Kitakuwa kikundi hicho. Si hivi vikundi vya kuweka na kukopa?"

"Aaa, basi wa Kwahani hao," akadakia mwengine. "Marehemu alikuwa nao."

"Mashaallah," akasema Mzee. "Kikundi kizima. Hebu hesabu."

Mtoto akahesabu. Nilikuwa na nafasi hapo. Nimeifikiria nafasi hiyo siku tatu sasa. Ningeweza kusimama nikasema samahani Mzee, hiyo yangu, imepotea njia. Sentensi moja. Badala yake nikajiambia: wakiandika kikundi, mie nimesalimika. Nitapoteza pesa, nitabaki na uso. Waziri wa Fedha kapiga hesabu zake palepale, na tonge mdomoni, akaona faida.

"Alfu thelathini na nane, babu."

Wanaume wakaguna kwa heshima. Mtu akasema vikundi siku hizi vina msaada. Mie pia nikaguna. Wallahi niliguna na mie.

"Na kuna karatasi ndani."

"Hiyo itakuwa orodha ya wanachama. Soma taratibu niandike, mmoja mmoja, wasije wakasema tumewaruka."

Mtoto akaikunjua. Akawashiwa tochi ya simu. Akasafisha koo. Alisafisha koo, nyie!

"Namba moja. Ami Keshokutwa."

Mzee anaandika, anatamka kila silabi: "Ke-sho-ku-twa. Huyo atakuwa mtu wa Pemba."

"Alfu hamsini, tangu Shaabani. Nyudhuru zilizotumika: mke kalazwa, mara nne, mke kafanyiwa opereshini, mara moja. Usirudie. Alimuona Darajani anachagua bamia."

Sasa ndiyo niwaambie Ami Keshokutwa ni nani. Ni mwana mkubwa wa marehemu. Yule wa makaburini. Ukimuuliza chochote, deni, fundi, mvua, atakwambia "keshokutwa inshaallah", na mtaa mzima unajua, hata watoto wanapocheza humuigiza. Alikuwa kasimama hatua mbili kutoka kwangu anawamiminia watu chai ya tangawizi. Hakusema kitu. Ila aliendelea kumimina. Kikombe kimejaa, kisahani kimejaa, chai inateremka kwenye kanzu ya mtu, na mwenye kanzu naye hasemi, anasikiliza.

"Namba mbili. Shemegi wa Vespa. Alfu ishirini na tano, za plagi. Vespa haijawaka. Udhuru: mshahara haujatoka. Unafaa mpaka tarehe tano tu."

Kalamu ya Mzee imesimama. "Kwani hawa," akauliza polepole, "wanatoa ubani au wanadai?"

"Namba tatu," mtoto hakumngoja, kashaingia mahadhi. "Bwana Bando."

Hapa ndipo. Hapa ndipo sauti ya dakika mbili na nusu inaporuka kama bata anayeruka mtaro. Msikilize tena, mtaona: kutoka namba mbili anakwenda namba nne, kama watu hatujui kuhesabu.

"Bwana Bando. Hakopi pesa nyingi. Alfu alfu, mbili mbili, za bando. Jumla tangu Rajabu: alfu arubaini na moja. Udhuru: hakuna unaomfaa. Zima simu."

Rafiki yangu alikuwa ananong'ona, "Yakhe, hati hii mbona kama yak..." Hakumaliza. Akaweka chini tonge lake. Tunakula sinia moja, mkumbuke. Akanitazama, akaitazama simu yake, akanitazama tena. Na nikwambieni kitu: ile sauti anayocheka mpaka anapaliwa, bando aliloirushia nimemnunulia mimi. Jumatatu. Shilingi 2,000. Ndiyo maana bahasha ilikuwa na 38,000 na si 40,000.

"Namba nne. Maalim." Mtoto akasita. "Babu, Maalim huyu siye..."

"Soma." Sauti ile haikuwa ya Mzee. Ilikuwa ya Maalim mwenyewe, kutoka kwenye jamvi la mbele, aliyesoma dua.

"Maalim. Alfu kumi, za bati la chuo. Udhuru: hauwezekani. Anajua nasema uongo kabla sijafungua mdomo. Mpe."

Mtu mmoja akakohoa kikohozi cha mtu asiyekuwa na kifua.

"Namba tano. Bibi wa Maandazi."

Hapo hata waliokuwa wanatafuna wakaacha. "Lakini kama anamdai marehemu," akasema yule wa Kwahani, "si tulitangaziwa makaburini? Angesema!"

"Bibi wa Maandazi," mtoto akarudia, sauti yake imeteremka kidogo kwa mara ya kwanza. "Huyu ananidai mie. Maandazi ya darasa la tatu, la nne, na la sita. Hakuwahi kuniuliza. Akituma mtoto kuomba chochote, mpe, usihesabu."

Nilidhani hapo nimeokoka. Niliona nyuso zimelegea, mzee mmoja kaifuta pua kwa ncha ya kilemba. Nikasema alhamdulillahi, itaishia hapa, watasema ni mtu mwema asiyejulikana.

"Namba sita. Mie Mwenyewe."

"Mie mwenyewe nani?" akauliza Mzee.

"Imeandikwa hivyo, babu. Mie Mwenyewe. Umeme, alfu kumi na tano. Nitarudisha Ijumaa. Udhuru: Ijumaa ipi, haikusemwa."

Wakaanza kucheka. Kwanza vijana wa nyuma, kwa kujizuia, mabega tu. Halafu Mzee akasema maneno ambayo mpaka sasa nikifumba macho nayasikia: "Geuza nyuma, labda kuna jina."

Mtoto akageuza. Jamani, mie karatasi sinunui. Kazini fomu zikiharibika tunazichukua nyumbani, watoto wanachorea, mie naandikia. Nyuma ya orodha yangu kulikuwa na chapa.

"Babu, nyuma kuna... Mashuka makubwa, kumi na nne. Foronya, ishirini na nane. Taulo za bwawa, tisa. Sahihi ya dobi."

Madobi wangapi wapo mtaani kwetu?

Hawakugeuka wote kwa pamoja. Ingekuwa nafuu. Walianza wa mbele, halafu wa kati, halafu wa nyuma, kama nyasi zinavyolala upepo wa kusi ukipita. Mie nina tonge la boko boko shavuni tangu namba moja, silimezi wala silitemi. Shemegi wa Vespa nilimuona kanyanyuka nusu, kakaa tena. Ami Keshokutwa bado kashika birika, limeshakwisha, analimimina tupu.

Na kule dirishani kwa wanawake kimya. Kimya cha kusikiliza. Sauti ya yule mtoto ilikuwa imeingia ndani neno kwa neno, na mama watoto kakaa katikati ya wanawake arubaini ambao sasa hivi wamejua kwamba mwaka huu kalazwa mara nne na kafanyiwa opereshini. Baadae nimeambiwa mwanamke mmoja alimshika mkono akamuuliza, kwa huruma hasa, opereshini ya nini.

Maalim akasimama. Nikajua nimekwisha.

"Jamani," akasema, "msimcheke. Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani ni aya ya deni, Suratul Baqara, aya ya 282. Mwenyezi Mungu anatuamrisha deni liandikwe. Na kijana huyu kaliandika, kiasi na muda, hata deni lake mwenyewe. Wangapi hapa mnaandika?"

Watu wakainamisha vichwa. Nikaanza kupumua. Nikalimeza lile tonge.

"Ila," Maalim akaendelea, "aya haikusema lisomwe hitimani."

Basi. Turubali lilitaka kuanguka. Aliyecheka mwanzo alikuwa Ami Keshokutwa, mfiwa mwenyewe, kakaa chini na birika lake analia na kucheka kwa pamoja, anasema mama angelikuwepo, mama angelikuwepo. Mie nikatafuta makubadhi gizani, nikapata moja, nikaona linatosha.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza kwa urefu. Daftari likaandikwa hivi, nimeliona kwa macho yangu: "Kikundi cha Wakopaji, 38,000." Mzee kakataa kulifuta, anasema daftari la ubani halikwaruzwi. Na kwa kuwa jina langu halimo, kwa hesabu ya daftari mie sijatoa ubani. Ijumaa asubuhi ikanibidi nirudi na ile bahasha ya saba ya kweli, yenye 10,000, nikaandikwa upya. Jumla ubani wangu 48,000. Nani mtaani kwetu katoa 48,000? Na zile 38,000 huzidai kwa nani, kikundi hakina mwenyekiti. Shemegi kaleta 5,000 na plagi mbovu. Maalim kaleta 10,000 zote, na bati moja analonionyesha kwa mbali kila nikipita chuoni. Bwana Bando hajaleta kitu, kanitumia stika. Umeme nimenunua kwa pesa ya MASIKA, na wale niliowahubiria kwamba MASIKA haiguswi, nimewaona mnavyoandika, ahsanteni.

Mama watoto hajanisemesha tangu Alhamisi. Chakula anapika, anakiweka, anaondoka. Jana kapita mbele yangu anachechemea makusudi, kashika tumbo, anaelekea uani.

Jana hiyo hiyo usiku, baada ya Isha, hodi. Ami Keshokutwa. Tochi mkononi, kofia imenyooka. Nikamkaribisha, nikamuomba radhi, nikamuomba radhi mara ya pili. Akasema yamekwisha mwanangu, wala usijali, marehemu mwenyewe angelipenda. Akakaa kimya kidogo, anaipapasa tochi.

"Nimekuja kwa lile la hamsini," akasema.

Moyo ukaruka. Nikasema Ami, hata haraka hakuna.

"Ndiyo nalokuja kukwambia. Keshokutwa, inshaallah. Lakini leo, mwanangu, nina dharura, maturubali hayajalipwa. Alfu ishirini tu." Akainua kidole kabla sijafungua mdomo. "Na mke wako nimemsalimia hapo nje. Mzima."

Nikabaki namtazama. Sina udhuru hata mmoja uliobaki, zote zimeshasomwa kwa tajwidi. Na huko uani, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, nikaisikia sauti ya mama watoto:

"Mwambie nimelazwa!"